Balkoni, launji na ziara za bandarini: kabla hujawalipia wazee safari ya meli

"Assalaam aleikum kaka. Mimi niko Malindi, wazazi wako Lamu. Baba ana miaka 72, alikuwa nahodha wa jahazi, mama ana 64 na magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi. Na kakangu aliye Uingereza tumechanga tuwapeleke safari ya meli ya kitalii, tutakuwa wanne, wao wawili, mimi na kijana wangu wa miaka 9. Tumeletewa ofa tatu: MSC kutoka Durban siku nne kebini za ndani, Royal Caribbean kutoka Barcelona wiki nzima kebini za balkoni pamoja na pakeji ya vinywaji, na Viking ambayo ni ghali sana lakini wanasema vitu vingi vimo kwenye bei. Mtu mmoja ametuambia kebini ya juu kabisa ndiyo bora na ya chini ni hatari, mwengine anasema tulipie launji ya kibinafsi ndio wazee watulie. Na zile ziara za bandarini tulipie melini au tutafute wenyewe? Kampuni gani ndiyo nzuri?"

Waaleikum salaam dadangu, na hongereni wewe na kakako kwa kuwafikiria wazee. Hofu yako naisikia vizuri: pesa ni ya kuchanga, safari pengine ni ya mara moja, na hutaki mamako afike huko akae kitandani wiki nzima na babako anune kwa sababu haoni bahari. Mimi nilifanya kazi kwenye meli hizi miaka tisa, mitano nikitandika kebini na minne nikikaa dawati la ziara, kwa hivyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona upande wa ndani.

Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo linalowapoteza wengi. Kuuliza kampuni gani nzuri ni kama kuuliza nyumba za Lamu ni nzuri au za Malindi, jibu ni nyumba gani, mtaa gani, chumba gani. Ndani ya meli moja watu wanaishi maisha mawili tofauti kabisa. MSC kwa mfano wana madaraja, kuna Bella, Fantastica, Aurea, halafu kuna Yacht Club ambayo ni kama meli ndani ya meli, wana mkahawa wao, launji yao na mtu wa kuwahudumia (na si meli zao zote zinayo). Kampuni ya Norwegian nayo ina Haven, jambo ni lile lile. Kwa Cunard hata mkahawa utakaokula unaamuliwa na kebini uliyolipia. Kwa hivyo mtu akikwambia "mimi nilipanda MSC ilikuwa ovyo" au "ilikuwa peponi" muulize kwanza alilipia daraja gani na meli ipi, la sivyo hajakwambia kitu.

Viking tuitoe mapema. Ni kampuni nzuri, meli zao za baharini ni ndogo, hazifiki abiria elfu moja, kila kebini ina balkoni na hata ile ndogo kabisa ni kama mita 25 za mraba, hawana kasino, na kila bandari kuna ziara moja iliyo ndani ya nauli. Kwa wazee wawili peke yao ningekwambia muiangalie tena pamoja na ughali wake. Lakini hawapandishi mtu chini ya miaka 18, na wewe una kijana wa 9, kwa hivyo aliyekuletea ofa hiyo hakuwasikiliza mlipomwambia mko wangapi na akina nani. Hilo peke yake lingenifanya nimuulize maswali mengi kabla ya kumpa pesa yangu.

Sasa kebini, na hapa nitakaa kidogo. Huyo aliyesema juu kabisa ndio bora, mpeleke kwa babako amweleze, maana nahodha wa jahazi analijua hili kuliko ajenti yeyote. Chombo baharini kinayumba kwa namna mbili. Kuna mrama, kile cha ubavu kwa ubavu, na kuna ile ya omo (mbele ya chombo) kuinuka na kushuka, tezi (nyuma) nayo ikifuata kinyume chake. Meli kubwa ina mapezi yanayotoka ubavuni chini ya maji kupunguza mrama, na yanafanya kazi nzuri kweli, lakini ile ya omo na tezi hayaiwezi. Sasa fikiria pembea ya ubao, wanaokaa ncha mbili ndio wanaopaa na kushuka, aliye katikati anatikisika kidogo tu. Halafu fikiria mlingoti, aliye juu ya mlingoti anapepesuka zaidi sana ya aliyekaa chini ingawa chombo ni kimoja na wimbi ni moja. Kwa hivyo kebini iliyotulia ni ya katikati ya meli na sitaha (ghorofa za meli) za chini au za kati. Wazee wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani tumboni mwa chombo, katikati, na kwa kebini ya meli unaweza kuuchukua msemo huo vile vile ulivyo. Zile za juu kabisa mbele zinauzwa ghali kwa sababu ya kuona mbali, si kwa sababu ya utulivu.

Na kichefuchefu chenyewe kinakuja kwa sababu masikio ya ndani yanaiambia akili tunayumba na macho yanaona kuta nne zimetulia, akili inachanganyikiwa. Ndio maana mtu akitoka nje akatazama upeo wa bahari anapata nafuu. Hapo ndipo balkoni au hata dirisha tu linapokuwa na maana zaidi ya kupiga picha.

Kuhusu hatari ya chini, mamako umtulize roho. Kebini za abiria kwenye meli hizi kubwa ziko juu ya usawa wa maji, hakuna anayelala chini ya bahari. Na tangu ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012 kule Italia, ambapo watu 32 walifariki, mafunzo ya usalama yanafanywa kabla meli haijaondoka, kila mtu anaonyeshwa pahali pake pa kukusanyika. Jambo la kufikiria kwa mama ni jengine: kukiwa na dharura lifti hazitumiki, ni ngazi. Kwa hivyo kampuni ijulishwe mapema kwa maandishi kwamba kuna abiria ana shida ya magoti, na kebini isiwe mwisho wa ukumbi mrefu, iwe karibu na ngazi na lifti, lakini isiwe imegusana nazo maana watu hupiga soga hapo mpaka saa nane za usiku.

Ramani ya sitaha muiangalie wenyewe, iko kwenye tovuti ya kila kampuni, na msiangalie tu kebini yenu iko wapi, angalieni juu yake kuna nini na chini yake kuna nini. Nimetandika vitanda miaka mitano, malalamiko ya usingizi yalikuwa yanatoka kebini zile zile kila safari, zilizo chini ya sitaha ya bwawa (viti vinaburutwa kabla jua halijachomoza), zilizo juu ya ukumbi wa muziki, zilizo chini ya jiko, na zile za omo kabisa ambapo nanga ikiteremshwa alfajiri utadhani nyumba inabomoka. Kebini iliyo na kebini juu na kebini chini ndiyo ya kulala. Na kama ofa yenu imeandikwa kwamba namba ya kebini mtapewa baadaye, ujue ndio maana ni rahisi, kampuni itawaweka palipobaki, na kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo siwashauri hata kama bei inavutia.

Balkoni nayo ina mtego wake. Royal Caribbean kwenye zile meli zao kubwa za aina ya Oasis, zilizoanza 2009 na kubeba zaidi ya watu 5,000, kuna kebini za balkoni zinazotazama ndani, yaani unatoka nje unaona bustani na maduka ya meli, bahari huioni. Wengine wanazipenda. Lakini umemlipia nahodha wa Lamu balkoni halafu atoke baada ya alfajiri aone watu wanakunywa kahawa? Hapana. Na kuna nyengine zinatazama bahari lakini mbele yake kumening'inia mashua ya uokozi, mtazamo wote umezibwa. Iulize hiyo moja kwa moja, balkoni inatazama nje au ndani, na kuna kitu kimeziba?

Mimi ningefanya hivi. Wazee wapate balkoni ya nje, katikati, sitaha ya chini au ya kati. Wewe na kijana mchukue kebini ya ndani mkabala nao, mlango kwa mlango. Kebini ya ndani ni kama mita 14 za mraba, haina dirisha, usiku ni giza totoro hujui kumekucha au la, lakini nyinyi mtakuwa mnalala tu na mchana mtashinda balkoni ya wazee. Hapo mmeokoa pesa nyingi kuliko kununua balkoni mbili, na usiku mama akihitaji kitu uko hatua tatu. Tena uliza kuhusu choo, vyoo vingi vya melini vina kizingiti cha kuruka, na bafu ni dogo. Kuna kebini za watu wenye ulemavu zisizo na kizingiti na zenye vyuma vya kushikilia, ni chache sana na huisha mapema, kama hali ya mama inastahili msione haya kuiomba.

Launji nitapita haraka maana jibu ni fupi: msilipie. Launji za kawaida ziko nyingi, ni baraza tu kama baraza zetu, unakaa bure, unalipia unachokunywa. Ile ya kibinafsi inakuja na daraja la juu la kebini, na faida yake kubwa ni utulivu na pombe ya bure, na nyinyi hiyo ya pili haiwahusu. Utulivu unapatikana bila pesa, kila meli ina maktaba au kona fulani ambayo mchana haina mtu, siku ya kwanza mtembeze mama taratibu mpaka aipate kona yake. Msiende tu upande wa kasino, meli nyingi huruhusu sigara humo na moshi unawafuata watu ukumbini.

Na hiyo pakeji ya vinywaji kwenye ofa ya pili iondolewe kabisa. Pakeji zile bei yake imejengwa juu ya pombe. Familia isiyokunywa inalipa mamia ya dola kwa juisi na soda. Royal Caribbean maji, chai na kahawa ya kawaida pale bafe ziko ndani ya nauli. Mwambie ajenti akupe bei bila pakeji uone tofauti. Muulize pia kuhusu bakshishi za wafanyakazi, meli nyingi za Marekani zinakata zenyewe dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa kila siku, mtoto pia, na hizo mara nyingi hazimo kwenye bei ya tangazo. Nyama halali iombwe kwa maandishi mapema, mwezi mmoja kabla au zaidi, na mjibiwe kwa maandishi, kampuni nyingine zinaweza na nyingine zitawaambia mle samaki na mboga.

Tuje kwenye ziara. Kuna siku bandari moja ya Italia, mume na mke walienda mjini wenyewe kwa treni, treni ikachelewa. Saa ikafika. Mimi na afisa tulifungua sefu ya kebini yao tukatoa pasipoti tukamwachia wakala wa bandari, meli ikang'oa nanga. Niliwaona kwa mbali wakikimbia gatini, yule mama ameshika viatu mkononi, na mpaka leo sijaisahau sura yake. Walijilipia wenyewe hoteli na ndege mpaka bandari ya pili. Wangekuwa kwenye ziara ya meli, meli ingewasubiri, na kama haiwezi kusubiri kampuni ingewafikisha kwa gharama yake. Hiyo ndiyo bima unayoinunua pale, na ndio maana ziara ya meli inakuwa ghali, pamoja na kwamba kuna mikono kadhaa inayochukua chake kabla pesa haijamfikia dereva na mwongoza watalii wa huko. Hata hapa kwetu meli zikitia nanga Kilindini, Mombasa, msimu wa kaskazi, mgeni anayelipia Fort Jesus na mji wa kale akiwa melini analipa zaidi ya yule anayemtafuta mwongoza watalii mwenye leseni pale nje, na anayekuja mpaka magofu ya Gedi ana zaidi ya kilomita mia kwenda na mia kurudi, huyo mimi ningemwambia achukue ya meli hata kama ni ghali.

Kanuni yangu ni hiyo hiyo kwenu. Meli ikifunga gatini na mji uko karibu, nendeni wenyewe taratibu, teksi na mapumziko mengi, na mrudi saa mbili kabla ya muda. Mji ukiwa mbali, kwa mfano Civitavecchia ambako Roma iko kilomita kama 80, chukueni ya meli. Na pale ambapo meli haifungi gatini bali inakaa nje na watu wanashushwa kwa boti ndogo, hapo swali la kwanza ni magoti ya mama. Kuruka kutoka meli kuingia boti inayopanda na kushuka ni jambo ambalo babako ataliona mchezo lakini mama anaweza kuanguka. Kila ziara huandikwa kiwango cha ugumu wake, msikiamini sana, "rahisi" ya Mzungu anayepanda milima si rahisi ya mamako. Ulizeni ngazi ngapi, kutembea dakika ngapi, kuna pa kukaa.

Kwa hivyo Durban au Barcelona? Safari ya Barcelona ina bandari nyingi ambazo meli inafunga gatini, na miji ni ya kuona kweli. Lakini kuna viza ya Schengen (ile moja ya nchi nyingi za Ulaya) kwa watu wanne, iwe ya kuingia zaidi ya mara moja kama meli inapita nchi iliyo nje ya Schengen halafu inarudi, kuna ndege ndefu, na miji yenyewe ni mawe na vilima. Durban, Mkenya tangu Januari 2023 anaingia Afrika Kusini bila viza mpaka siku 90. Ubaya wake ni kwamba safari nyingi fupi za Durban kituo chake ni fukwe za Msumbiji, mnashushwa kwa boti, bahari ikichafuka hamshuki, na kusema kweli watu wa Lamu na Malindi mchanga na minazi si kitu cha kulipia. Tena Bahari ya Hindi pale chini ni bahari wazi, inaweza kuwa na mawimbi, ndio kebini ya katikati inazidi kuwa muhimu.

Pamoja na hayo yote, wangekuwa wazazi wangu ningechagua Durban. Ni siku nne, wakichoka wamefika. Ningebadilisha kebini moja ya ndani iwe balkoni ya wazee, siku ya ufukweni wewe na kijana mshuke na mama abaki melini imetulia bila watu, ambayo ndiyo siku nzuri kuliko zote za kukaa launji. Halafu zile pesa mlizokuwa mtoe Barcelona mkae Durban siku mbili kabla. Kabla, si siku hiyo hiyo, ndege ikichelewa meli haitawasubiri. Durban ina Waislamu wengi wenye asili ya Kihindi, chakula cha halali si cha kutafuta, mzee atasali Juma Masjid ya Dr Yusuf Dadoo Street (zamani Grey Street) na mama atazunguka soko la viungo la Victoria Street kwa miguu yake mwenyewe, kwa mwendo wake.

Ila kuna mambo msiyamalize kwa simu. Afrika Kusini wanadai cheti cha homa ya manjano kwa anayetoka Kenya, na chanjo hiyo kwa mtu wa miaka 60 na zaidi anayechanjwa mara ya kwanza ina hatari zaidi kuliko kwa kijana, kwa hivyo kabla wazee hawajachanjwa waende kwa daktari anayewajua, aamue wachanjwe au wapewe barua ya msamaha. Kama walishawahi kuchanjwa tafuteni kadi, tangu 2016 ni ya maisha. Wanaochanjwa upya iwe siku kumi au zaidi kabla ya safari. Daktari huyo huyo mumuulize dawa ya kichefuchefu, msinunue tu dukani, maana baadhi zinaleta usingizi mzito mtu akaanguka, na mzee mwenye shida ya tezi dume au presha ya macho zinaweza kumdhuru. Bima ya safari inayolipa matibabu ya melini muikate, kadi ya SHA (bima ya afya ya serikali ya Kenya) huko haisaidii na zahanati ya melini ni ghali sana. Kwa kijana beba cheti cha kuzaliwa na barua ya idhini ya babake. Msumbiji, hata kama mnashuka saa chache tu, muulizeni ajenti anachotakiwa Mkenya kuwa nacho, awape kwa maandishi.

Mkishapewa namba mbili za kebini, usilipe kwanza. Niandikie namba na jina la meli, nitaangalia juu yake kuna nini.